Stendi ya Darubini ya Koko

Sisi tuliokulia Kisongo kabla kila mtu hajawa na simu tulikuwa mafundi, msitucheke. Gari tuliunda kwa waya na kandambili, mpira kwa mifuko ya nailoni. Watoto wa siku hizi kidude kikiharibika wanalia wanunuliwe kingine. Ila ufundi wangu mimi, jamani, wacha niseme ukweli.

Koko, bibi yangu mzaa baba, alikuwa na mtoto wa jicho. Tangu ujana wake alilima kwa kuangalia Kilimia, zile nyota zinazokaa kikundi, na sasa alikuwa hakioni. Alitamani akione mara moja tu kabla macho hayajafunga kabisa. Baba, dereva wa watalii, alikuwa na darubini ya macho mawili, lakini Koko akiishika mikono inatetemeka, nyota zinaruka kama bisi. Nikamwahidi stendi. Nilikuwa darasa la sita, hakuna nisichokijua.

Nikachimbia nguzo, juu yake nikapigilia mti mrefu kwa msumari mmoja ili upande na kushuka. Ncha moja nikafunga darubini kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Ncha ya pili ilitaka uzito, nikatundika kibuyu cha Koko kilichojaa maziwa mgando, maana kilikuwa na mkanda tayari. Ikatulia tuli! Nikajiona injinia.

Giza lilipoanza kuingia, Koko akaketi kigodani. Ndiyo kwanza anasogeza jicho, jirani yetu Mama Neema akapiga hodi. Kwetu mgeni haondoki na mdomo mkavu.

"Mpe mama maziwa," Koko akaniambia bila kugeuka.

Nami, mtoto mwenye adabu, nikaamkia "shikamoo", nikaenda nikakifungua kibuyu kutoka kwenye mti.

Lahaula! Mti ukaruka, darubini ikashuka juu ya jiwe, vioo vikapasuka. Mama Neema, Mungu ambariki, alikunywa maziwa yake yote.

Baba aliporudi, Koko alimwambia, "Nimeivunja mimi." Angemfanya nini mama yake? Nililia nyuma ya zizi, kwa aibu zaidi kuliko woga.

Darubini nyingine ilichelewa, na macho ya Koko hayakusubiri. Basi jioni nikawa nashika kidole chake, nakielekeza juu.

"Hapo?"

"Hapo hapo, Koko."

Anatabasamu, anataja shamba la kuanza nalo. Jioni nyingine yalikuwa mawingu matupu, na bado nilikielekeza.

Siku hizi wanangu wanaelekeza simu angani, inawatajia kila nyota, hata penye mawingu, wala haidanganyi. Mimi wananiita chaji ikiisha. Namkumbuka Koko mpaka moyo unauma. Hakuna tena anayenipa kidole chake nimwonyeshe.