Meno Upande Huu, Bamba Upande Ule

Mimi ndiye niliyesema Bi Mwatum aondolewe. Nalitanguliza hili ili msije mkanisikia nikimsifu mkadhani nilikuwa upande wake tangu mwanzo. Sikuwa. Nimesomesha shule ya msingi miaka thalathini na moja, nimestaafu, nina kifua kibaya, na dirisha langu la ghorofa ya kwanza hapa Michenzani linatazama uwanja anaoufagia yeye. Taka zikibaki, wa kwanza kuziona ni mimi.

Uwanja wetu una miti minne ya mikungu. Anayeujua mkungu anajua kwamba majani yake si ya mchezo. Ni mapana kama sahani, magumu, na yakikauka hujikunja. Unajaza polo, gunia kubwa, mpaka juu, kumbe nusu yake ni hewa. Kamati yetu ya jengo ilikwisha kataza kuchoma, na mimi mwenye kifua nilishangilia kuliko wote. Likabaki gari la taka. Hupita kila Jumamosi saa moja asubuhi, halichukui kisichofungwa, na kwa jengo letu halipokei zaidi ya mapolo ishirini.

Miaka kumi na tisa Bi Mwatum aliyamudu majani hayo. Ni mtu wa Kizimkazi, mfupi, mwembamba, ana miaka sitini na miwili, na maneno yake machache lakini yanakata. Utotoni alipiga makumbi pamoja na mama yake. Walikuwa wakiyafukia makumbi ya nazi kwenye mchanga wa pwani miezi kadhaa, kisha wakiyafukua na kuyaponda kwa mti mpaka yatoe usumba wa kusokotea kamba. Akaolewa mjini, akafiwa na mume, na kwa uwanja huu akamlea binti yake Nadra mpaka akawa muuguzi. Kazi yake aliifanya hivi: anainama na ufagio wake wa chelewa, anakusanya, anazoa kwa vipande viwili vya ubao, anatia ndani ya polo, halafu anashika kinywa cha polo kwa mikono miwili na kukanyaga kwa mguu mmoja mpaka majani yashikamane.

Mwezi wa Rajabu aliteleza ngazini na ndoo ya maji, akavunjika mkono wa kushoto. Ukaungwa, ukapona, lakini vidole havikazi tena. Jaribu wewe kukanyaga ndani ya polo ukilishika kwa mkono mmoja. Mara mbili nilimwona akianguka nalo. Jumamosi ikija, mapolo ishirini yanakwenda yakiwa na hewa tele, na majani ya mapolo mengine ishirini yanabaki chini, upepo unayarudisha milangoni mwetu.

Tulipokutana kamati, Mwenyekiti Muhiddin aliuliza nani ana neno. Nikasema mimi. Nikasema huruma haifagii uwanja, na kwamba kuna vijana wawili wenye toroli wanaotaka kazi. Nilisema kwa sauti ileile niliyokuwa nikiwatolea watoto darasani, na hakuna aliyenibishia.

Muhiddin si mtu mbaya. Alimfuata Bi Mwatum pale chini, nami nikasikia yote dirishani.

"Bi Mwatum, tumekupa hadi Jumamosi ijayo. Gari likiondoka, uwanja uwe mweupe. La sivyo, tutawapa wengine."

"Nshasikia."

"Si kwa ubaya. Umechoka, upumzike."

"Nani kakwambia nimechoka? Mkono ndo uliovunjika, mie sijavunjika."

Jioni yake Nadra alikuja kumwomba mama yake akae nyumbani. Sikuwa nikiwapeleleza, walikuwa wamekaa chini ya dirisha langu. Alimwambia, "Mama, chakula unakipata kwangu, nguo unazipata, unatafuta nini tena?"

"Sitafuti chakula, mwanangu. Nikikaa ndani ntaamka niende wapi? Hapa nnajua naamkia nini. Siku ntakapoacha, niache mwenyewe kwa miguu yangu. Sitaki kuzolewa na mimi kama majani."

Nilifunga dirisha. Maneno yale yalinichoma, lakini si kiasi cha kunibadilisha. Nilijiambia kwamba haki ya wengi ni haki ya wengi.

Kesho yake akaenda Mlandege kwa Ahmada, fundi wa kuchomelea anayetengeneza mageti na madirisha ya nondo. Haya nilihadithiwa na Ahmada mwenyewe. Alimchorea chombo sakafuni kwa kipande cha mkaa. Mpini wa bomba. Upande huu meno manane ya nondo nyembamba ya kukokotea majani. Upande ule bamba zito la chuma, la duara, linaloingia kinywani mwa polo, la kushindilia. Katikati ya mpini kulabu ya kuning'inizia na kuburutia. Fikra ya bamba aliitoa kwenye kuponda makumbi: kitu kizito kikianguka mahali pamoja mara nyingi, hakuna kisicholainika.

"Mpini urefu gani?" Ahmada akauliza.

"Mikono mitatu."

"Inshaallah."

Wazee wetu hupima hivyo, toka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati, na wote wawili walielewana vizuri sana. Tabu ni kwamba Ahmada ni mrefu kama mlingoti wa bendera. Alipobaki peke yake akapima mikono mitatu, yake yeye.

Alhamisi Bi Mwatum akakikuta chombo kimekwisha, kimesimama ukutani, kimempita kichwa.

"Huu mkono wa nani?"

"Si mkono, Bi Mwatum? Mikono mitatu, nimepima mwenyewe."

"Umepima wako! Mie ndo ntakayekishika, wewe unapima wako!"

Ahmada aliona haya. Alitaka kuukata palepale, lakini umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi, na msumeno wa mkono alikuwa amemwazima mtu. Akaomba aachiwe hadi Jumamosi. Jumamosi! Bi Mwatum alikitia begani akaondoka nacho, akiwatawanya watu wa sokoni Darajani kwa meno manane.

Nilimwona alipofika, na sitasema uongo, nilicheka. Kukokota kulikwenda vizuri. Alisimama wima, chombo kwapani, mkono mmoja unavuta, na majani yakaja kwa makundi. Kwa urefu ule alifika hata chini ya magari yaliyoegeshwa. Lakini alipokigeuza kushindilia, mpini ulikuwa juu ya kichwa chake. Alinyoosha mkono, akakinyanyua kidogo, kikaanguka ovyo, polo likalala. Akalisimamisha. Likalala. Mara ya tano akakitupa chini na kukaa juu ya ngazi za mlango wetu, uso ndani ya mtandio. Nikaacha kucheka. Nilidhani analia, na pengine alikuwa analia kweli.

Kisha akanyanyua uso, akaitazama ngazi aliyoikalia, akaitazama ya chini yake. Akainuka. Akalileta polo mpaka chini ubavuni mwa ngazi, akaliegemeza ukutani, akakwamisha kinywa chake wazi kwa vile vipande viwili vya ubao. Yeye akapanda ngazi ya tatu, na toka huko juu akakiteremsha chombo. Sasa mpini ulimfika kifuani. Alikuwa akiunyanyua kwa mkono wa kulia, akiuelekeza kwa kiwiko cha kushoto, na kuuachia. Du! Anaunyanyua tena. Du! Majani yalilia, yakavunjika, yakazama. Polo lilipojaa kiasi, alipanda ngazi moja zaidi. Mgongo wake ulikuwa umenyooka, na sikuwahi kumwona hivyo miaka yote hiyo.

Ijumaa asubuhi Ahmada alikuja mbio na msumeno, jasho linamtoka, kutaka kusahihisha kosa lake.

"Kikate uone," Bi Mwatum akamwambia toka juu ya ngazi. "Ntakushindilia wewe."

Alifanya kazi kutwa, akaacha kwa sala tu. Sisi tuliokuwa tukipanda na kushuka tulipita ubavuni mwake tukijibana, naye hakutupisha. Magharibi ilipoadhiniwa, uwanja ulikuwa mchanga mtupu, mbele na nyuma, na mapolo kumi na saba yamepangwa, yamefungwa kwa kamba.

Jumamosi gari likaja. Nilikuwa nimeshuka, na Muhiddin alikuwapo, amefunga mikono nyuma. Mchukuzi wa kwanza alishika polo kwa mazoea yake ya kila wiki, ya majani yenye hewa, akavuta, akabaki hapohapo. Akavuta tena. Mwenzake akaja, wakalinyanyua nusu, likawaponyoka.

"Mama, umetia zege humu?"

"Majani."

"Majani gani haya? Sisi hatuchukui mawe."

Wakalifungua moja. Yakatoka majani yameshikamana vipande vipande, meusi, yana harufu ya mvua. Hapakuwa na jiwe hata moja. Lakini uzito ni uzito, na dereva alishaanza kupiga honi. Nilimtazama Bi Mwatum. Kwa mara ya kwanza nilitamani ashinde, na nilitamani kwa nguvu mpaka nikajishangaa.

Yeye aliyarudisha majani ndani, akalifunga polo upya. Alikichukua chombo chake, akafunga kamba ya polo kwenye kulabu ya katikati, akawaambia wale wawili, "Wewe huku, wewe kule. Begani." Wakatii kama watoto. Bomba lile refu likawatosha mabega mawili bila wao kugusana, polo likaning'inia katikati, likaenda. Kumi na saba yote yakapanda, na honi ikanyamaza.

Gari lilipoondoka, Muhiddin alizunguka uwanja, akarudi anatabasamu. Alikipapasa chombo toka meno hadi bamba.

"Mashaallah. Kitu cha akili hiki. Basi sasa mambo rahisi, Bi Mwatum. Kamati itakinunua, tutawapa wale vijana wakitumie, na wewe upumzike kwa heshima."

Alisema kwa nia njema kabisa, na hilo ndilo lililoniudhi. Mwanamke ametufanyia kila tulichomtaka, na malipo yake ni kunyang'anywa kazi ileile aliyoipigania, kwa sababu ameifanya vizuri. Niliona uso wa Bi Mwatum ukibadilika. Alikuwa amejiandaa kwa kushindwa, hakuwa amejiandaa kwa hili.

"Hapana," nikasema.

Muhiddin akageuka. "Naam, Mwalimu?"

"Hapana. Mimi ndiye niliyesema aondolewe, Bi Mwatum, sikia kwa kinywa changu. Nilisema huruma haifagii uwanja. Hatukukupa huruma, tulikupa siku, na umefagia. Muhiddin, ulimwambia uwanja uwe mweupe. Mweupe huo. Kama neno la kamati ni la kugeuzwa hivi, mimi natoka kwenye kamati leo hii, mtafute mwengine."

Muhiddin alitazama mchanga, akakuna kidevu. Mwisho akasema, "Basi kazi yake. Hapana neno." Akampa Bi Mwatum chombo kwa mikono miwili, akaenda zake kunywa chai.

Tukabaki wawili. Nilingojea aniambie kitu, kunisamehe au kunitukana, lolote ningelipokea. Bi Mwatum alinitazama toka viatu hadi mtandio, bila haraka.

"Ulikuwa wewe."

"Nilikuwa mimi. Nisamehe."

"Upande wa nyuma yashaanguka mengine," akasema. "Ubao wangu mmoja umepasuka jana. Njoo unishikie kinywa cha polo."

Nikamfuata mpaka ngazi za nyuma. Nikachuchumaa, nikashika polo kwa ncha za vidole, nikageuza uso pembeni kwa sababu ya vumbi. Yeye alikwishapanda juu.

"Si hivyo, Mwalimu. Kaza."

Nikakaza.