Fremu Tisini za Mashine ya Mifuniko

Nimepanga vyumba katika miji mingi, ila sijapata kuona mwenye nyumba wa kugombana na robo ya sekunde kama yule mchoraji katuni. Alikuwa akisogeza mguu wa sungura kwenye kompyuta, fremu moja, yaani picha moja ya filamu, mbele, mbili nyuma, kisha ananiuliza, "Sasa anaruka au anaanguka?" Mimi sikuona tofauti. "Una macho ya mapambo wewe," alinijibu.

Mwezi ule kiwanda cha sufuria kilimwagiza filamu ya kufundishia. Mashine ya kugonga mifuniko ikishapanda, mfanyakazi ana sekunde tatu tu za kutoa mfuniko, kuweka bati jipya na kuondoa mkono. Akachora fremu tisini, thelathini kwa kila sekunde: mkono unatoka kwenye fremu ya sabini na tano, pigo linatua kwenye ya tisini. Wafanyakazi wapya waliitazama wiki nzima, wakiigiza juu ya meza tupu hadi mwendo ukawaingia mwilini. Mmoja wao alikuwa mdogo wa kike wa mchoraji.

"Dada, ule mkono wa kwenye filamu una kucha nzuri kuliko zangu," alisema asubuhi ya kuanza kazi, akifunga kitambaa kichwani.

"Ule ni rangi tu. Wako una mifupa. Uchunge."

Alipotoka, mchoraji akafungua faili jipya la kazi nyingine. Nilikuwa mlangoni na chai yangu. Nikaona mkono wake umeganda juu ya kipanya. Kwenye kona ya skrini iliandikwa: fremu ishirini na nne kwa sekunde. Ilikuwa mipangilio ya mteja wa zamani. Programu iliirithisha kila faili jipya bila kuuliza.

Akafungua filamu ya kiwanda. Ishirini na nne.

"Nilihesabu thelathini," alisema polepole. "Ndiyo maana walisifu kwamba imetulia."

Akaipima kwa saa ya simu. Mkono ulitoka baada ya sekunde tatu na kidogo. Mashine ya kweli ingekuwa imeshashuka.

Akampigia mdogo wake. Simu ikaita mpaka ikakatika. Msimamizi wa kiwanda naye hakupokea. Tukakimbia mitaa mitatu. Kabla hatujafika getini tulisikia, du, na ukuta ukatetemeka. Kimya. Du. Midomo ya mchoraji ilikuwa ikihesabu.

Msimamizi alitupokea kwa tabasamu. "Mchoraji wetu! Vijana wameshika mwendo wako kama wimbo."

"Zima mashine."

"Taratibu, mama. Wazoefu wanamalizia zamu, wapya wanaingia sasa hivi. Glavu zao zilichelewa kidogo."

Mchoraji akampita, akakibonyeza kitufe chekundu kwa kiganja kizima. Karakana ikanyamaza. Mdogo wake alikuwa wa kwanza kwenye foleni, bati mkononi.

"Dada! Mbele za watu?"

Mchoraji alimshika kifundo cha mkono, na huku amekishika akamweleza msimamizi: thelathini, ishirini na nne, mkono, pigo. Msimamizi alicheka kidogo mwanzoni. Kisha akageukia saa ya ukutani. Ilikuwa saa mbili na dakika ishirini.

"Filamu hiyo tuliipeleka na kwenye viwanda vyetu vingine viwili," alisema. "Wapya wao wameingia saa mbili. Wao glavu zao hazikuchelewa."