Kiti cha Malkia

Kila mwaka nikifika kwenye tamthilia ile darasani siwezi kukaa. Natembea, nafungua dirisha, nalifunga tena, na wanafunzi wangu hapa Embu wananicheka. "Kwani Mwalimu amekanyaga siafu?" Ni ile tanzia ya zamani ya malkia aliyemchochea mumewe amuue mfalme, kaka ya huyo mume, ili wapate kiti cha ufalme, kisha mwenyewe akarukwa na akili. Wanafunzi huniuliza kwa nini malkia hakutosheka. Najibu haraka haraka, nawapa zoezi.

Ukweli ni kwamba niliwahi kuwa huyo malkia.

Nilikuwa kidato cha tatu katika shule ya bweni ya wasichana huko Timau, baridi ya kukata masikio. Tulikuwa tukiiandaa tamthilia hiyo kwa mashindano ya shule, na nafasi ya malkia alipewa rafiki yangu, msichana wa Mitunguu. Tulilala kitanda kimoja cha ghorofa, yeye juu, mimi chini. Mimi nikapewa kazi ya kukaa nyuma ya pazia nimnong'onezee maneno akisahau. Mimi! Niliyekuwa nimeyakariri yote kabla yake! Nilichukia hadi uji ukawa haunishuki. Nikimwona amejitanda joho la kifalme, ambalo lilikuwa blanketi la bweni tu, kifua kilinichoma.

Simu zilikuwa marufuku. Yake aliificha sandukuni, ndani ya mkate aliouchimba tumbo, apate kumpigia mamake aliyekuwa mgonjwa. Mkate huo tuliujua sisi wawili tu. Jumatatu moja asubuhi nilienda kwa matroni nikamwambia siri hiyo, eti kwa kuijali shule. Kabla ya saa nne rafiki yangu alikuwa langoni, godoro kichwani, amefukuzwa wiki tatu. Jioni kwenye mazoezi nilijitanda blanketi mimi.

Haki ya Mungu, nilifurahi. Nisidanganye.

Siku ya mashindano tulishuka Embu. Ukumbi ulijaa. Nilianza vizuri, nikambembeleza mume, nikamtisha, watu wakapiga makofi. Kisha mwisho ukafika, malkia yuko peke yake, amebakiza kusema maneno machache tu. Yakapotea. Nikatupa jicho kwenye pazia: hakuna mtu, maana kazi yangu ya zamani hakupewa mwingine. Nikabaki katikati ya jukwaa, nimelishika blanketi langu.

"Kiti nimekipata, mbona nyumba ni tupu?"

Sauti ilitoka benchi la tatu. Alikuwa yeye, rafiki yangu, amekuja kututazama, ameketi kando ya mamake, ambaye sasa alikuwa amepata nafuu. Nikayarudia maneno yale huku machozi yakinitoka. Waamuzi wakadhani ni usanii, wakanipa cheti cha mwigizaji bora.

Nje alinikuta nimekishika, nikakificha nyuma ya mgongo.

"Umeniokoa," nikamwambia, "na hata hujui mimi ndiye..."

"Najua. Nani mwingine alijua ule mkate?"

"Sasa mbona ukanisaidia?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa swali la kijinga. "Ningeacha shule yetu iaibike?"

Akamshika mamake mkono, wakaenda kutafuta chai.

Alipomaliza wiki zake tatu alirudi shuleni, akaomba kuhamishwa kitanda. Kile cha juu yangu kilikaa bila mtu hadi nilipomaliza kidato cha nne.