Kigae Nilichokiandika Namba

Nisikilize, mwenzangu, wala usiogope. Kusoma kigae si kazi ngumu. Tazama pale kilipovunjika: weusi katikati na wekundu kila upande maana yake chungu kilichomwa kwa kuni uwanjani. Kisha pitisha kidole ndani ya mdomo wake, utagusa alama ya kidole cha aliyekifinyanga. Mie nilijifunza hayo nikiosha vigae kwa Mzungu mmoja aliyekuja kuchimba vitu vya kale Mtoni, enzi za Mwingereza.

Alichimba kando ya shimo la udongo la wafinyanzi. Alisema waliofinyanga vyungu vya kale walikwisha toweka, hawa waliopo ni wahamiaji tu, kwa hiyo shimo lifungwe wasije wakaharibu. Jirani yetu, bibi aliyeishi kwa udongo ule, akafinyanga chungu na kukitia mdomoni mistari ya kukwaruza kwa ukingo wa kombe la pwani, kama alivyofundishwa na bibi yake. Mistari ile ile ilikuwa kwenye vigae nilivyoosha. Akakileta kwa mikono miwili.

"Mwambie bwana sisi ndio wale," alimwambia mnyapara aliyetusimamia.

Mzungu alikigeuza, akakigonga kwenye pembe ya meza. Alitaka kuona ndani. Akatazama mara moja, akavisukuma vipande chini.

"Mfinyanzi hulia gaeni, bibi," mnyapara alisema. "Haya, okota sahani zako!"

Tulicheka. Mie pia nilicheka.

Bibi hakuokota. Alikwenda kusimama njiani, akingoja jibu. Mnyapara akavizoa vipande, akavimwaga kwenye karai langu kwa mzaha, nami nikaviosha pamoja na vingine. Jioni Mzungu akapita, akachagua kimoja, akakiinua.

"Hiki kale kabisa," alisema. "Watu ya leo hapana weza."

Nilikijua. Neno moja lingetosha, na bibi bado alikuwa pale njiani. Nikaogopa kufukuzwa. Nikachovya kalamu, nikakiandika namba.

Kesho yake shimo lilizungushiwa seng'enge. Nilipompa bibi shikamoo aliitikia, "Marahaba, mwanangu," akaniuliza kama bwana alisema lolote. Nikamwambia hakusema.

Ukiokota kigae, usikiandike kwanza. Kipeleke kwa mfinyanzi aliye hai, umpe akishike, usikilize.