Bango la riwaya yangu lilivyogeuka uzio mbele ya mama

Wakuu, nawasalimu kutoka Uvira. Upepo wa ziwa umeamka vizuri leo, nami nimeamka na hadithi.

Mimi ni mtunzi wa riwaya, kwa hiyo najua wengine mtasema hii nayo nimeitunga. Hapana. Haya yamenipata mwenyewe, na chumvi sijaongeza.

Mama yangu anauza ndagala, zile dagaa zetu za Tanganyika, kwenye meza kando ya barabara ya Kasenga. Shule aliishia darasa la tatu. Anasoma, ila polepole, herufi moja moja, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe.

Riwaya yangu ya kwanza ilipotoka, kikundi chetu cha wasomaji kikapanga sherehe Jumamosi, kwenye ukumbi unaotazamana na meza ya mama. Nikamwalika.

Sasa, mama huwa hafungi meza Jumamosi. Harusi ya mdogo wake alifika keki imekwisha.

Akanijibu: "Miye siwezi kufunga meza juu ya kitu sijaona. Weka jina ya kitabu kule kwa mulango. Nikiisoma nikiwa nimeikala hapa hapa, nitakuya."

Nikasema, rahisi hiyo.

Nikaingia mtandaoni kutafuta fonti ya bango. Nikakutana na moja, wakuu, moyo ukaruka. Serif, zile herufi zenye visigino, ya kuandikia vichwa vikubwa, nene hasa. Miguu yake minene, myeusi kama nguzo, halafu ghafla mstari unakonda mpaka unakuwa uzi wa wavu. Chini kila herufi imevaa kisigino kilichochongoka. Niliizoom herufi U kwenye simu, nikaona inacheza dansi.

Nikaandika MVUA YA MULONGWE, ndilo jina la riwaya, Mulongwe ukiwa mto wetu wa hapa Uvira, nikampelekea mchapaji wa turubai.

Alhamisi tukalitundika. Nikavuka barabara kwenda kwa mama, meno yote nje.

Mama akatazama. Akatazama tena.

"Ninaona miti," akasema. "Mumejenga lupango kule kwa ukumbi?"

Nikageuka. Kweli kabisa, uzio! Kutoka pale mistari myembamba yote ilikuwa imeyeyuka hewani, zimebaki nguzo nyeusi tu. E ilikuwa nguzo. L nguzo. O ilikuwa mabano mawili yanayotazamana.

Nikamsimamisha motari aliyekuwa anapita na pikipiki yake. "Kaka, pale wameandika nini?"

Akakodoa macho. "Habakuandika kitu, dada. Bamechora tu."

Mama alicheka mpaka kopo la kupimia ndagala likamponyoka. Mimi nilitaka kulia. Siku mbili zimebaki, na umeme wa mtaa ulikuwa umekatika, mashine ya turubai imelala. Kitabu kizima nilikiandika nikimwaza yeye, halafu siku ya kukisoma mbele ya watu kiti chake kiwe kitupu?

Nikakimbilia kwa Papa Neema, mchoraji wa mabango ya maduka na makanisa. Nikamwonyesha fonti kwenye simu, nikingoja aiponde. Akaipokea simu kwa mikono miwili.

"Hii herufi iko muzuri sana. Iko kama muntu amevaa kostimu, suti kabisa. Lakini nyuzi za kostimu unaziona wakati munasalimiana. Mama yako anasalimia kutokea wapi?"

"Kwa meza yake, Papa."

"Basi twende kwa meza."

Ndivyo anavyofanya kazi, wakuu. Hagusi brashi kabla ya kusimama pale atakapokuwa msomaji. Akasimama kando ya ndagala, akafumba macho nusu, kope zikakaribia kugusana. Anasema kinachobaki macho yakiwa nusu ndicho kinachofika mbali.

Mama akamtazama weee. "Papa Neema, unanunua ao unalala?"

"Ninasoma, Mama Furaha."

"Unasoma miti?"

Ijumaa akachora upya, kwa mkono, kwenye kitambaa cheupe. Nguzo nene hakuzigusa. Visigino hakuvigusa. Ila kila mstari mwembamba aliunenepesha upana wa kidole gumba, akavuka barabara, akafumba macho nusu, akarudi, akaongeza. Mimi nilishika mkebe wa rangi huku nikinung'unika kwamba ananiharibia dansi yangu.

"Furaha," akaniambia, "weye unaangalia na pua kwa kitambaa. Tulia."

Jumamosi nilisimama mlangoni chini ya bango, nimekumbatia kitabu, macho ng'ambo. Watu wanaingia ukumbini, siwaoni. Mama alikuwa na wateja watatu. Akanyanyua kichwa. Midomo yake ikaanza kutembea, jiwe kwa jiwe.

Nilisikia sauti yake juu ya kelele za pikipiki: "Mvu-a... ya... Mu-lo-ngwe!"

Akazifunika ndagala. Mteja mmoja akalalamika.

"Urudie kesho," mama akamwambia. "Leo kitabu yangu iko na sherehe."

Yangu! Wakuu, nilisoma sura ya kwanza, na mama mstari wa mbele akiwanyamazisha wanaokohoa.

Na lile turubai la uzio? Tumelifanya paa la meza yake. Juzi alikaa chini yake, akainua uso, na kwa mara ya kwanza akaiona ile mistari myembamba kwa karibu.

"Kumbe hizi herufi zilikuwa na mikono," akasema.

Nilichojifunza: fonti yangu haikuwa mbaya. Niliichagua nikiwa nimeishika mkononi, na mama alikuwa ng'ambo ya barabara. Siku hizi hata sentensi zangu nazisoma macho nusu, nikiwaza aliyekaa mbali.

Na ninyi, kuna kazi mliyoipenda ikawaangusha mbele ya watu wenu? Mwageni hapa chini. Mama ameniomba nimsomee majibu, lakini anasema mengine atayasoma mwenyewe, kwa hiyo andikeni kwa herufi nene.