Siku Msumari Alipoangushwa Kitengela

Hadi leo nikinusa mbolea ya mbuzi iliyopigwa na jua, naiona Kitengela ya utotoni mwangu: soko la mifugo, ua wa mabati, na lile vumbi ambalo mama alilipangusa hadi akachoka, akamwachia Mungu. Tulikuwa watu wa kuja, kutoka Bungoma, baba akiwa karani wa kiwanda. Katika nyumba yetu ya kupanga aliishi pia mdogo wake, Simiyu, na huyo ndiye aliyetupa jina mtaani, kwa kuwa kila Jumapili jioni alionekana kwenye runinga akiwa jambazi aitwaye Msumari. Humo alivunja milango na kukaba watu koo. Nyumbani aliosha vyombo na kuogopa panya. Wenzangu hawakuniamini nilipowaambia hivyo, nami nikaacha kusema. Kuogopwa kulinifaa.

Miaka ya tisini ikielekea ukingoni, watu wa mieleka ya tiketi walimtaka apambane na bingwa wao, mtu wa kujifunika uso aliyeitwa Radi. Wiki hiyohiyo akaja Kukhu, nyanya yangu, bila taarifa, na kuku wawili na neno moja: amekuja kumrudisha Simiyu nyumbani. "Mtu mzima analipwa kwa kujifanya?" aliuliza mezani. "Lakini mieleka naijua, baba yangu aliicheza. Nitaangalia kwa macho yangu, halafu niende na wewe ama niende peke yangu." Baba mdogo alikubali, akaisukuma kando sahani ya ugali. Nami nilishikwa na huzuni, maana sikuweza kuiwazia nyumba ile bila yeye.

Ulingo ulisimamishwa katikati ya soko la mifugo, siku isiyo ya mnada. Wafanyabiashara wa Kimaasai waliegemea fimbo zao, wakiwapima wapiganaji jinsi wanavyopima mafahali. Nilishangilia hadi sauti ikakauka. Baba mdogo alimrusha Radi mara kadhaa, kisha Radi akamnyanyua juu ya kichwa na kumbwaga chali. Mbao zililia. Baba mdogo hakuinuka. Wanaume wakavua kofia, na mama muuza viazi kando yangu akaanza kulia.

Sasa, kwa akina Kukhu, mpiganaji akiangushwa hupanguswa mgongo na mtu wa kwao, palepale. Akienda nyumbani na vumbi la kuangushwa, huhesabiwa ameshindwa mara mbili. Kukhu alifungua leso kiunoni, akapanda ulingoni, nami nyuma yake hadi kwenye kamba. "Shosho, hapa hakuna ruhusa," mlinzi alimwambia. "Niko na mtoto wangu hapa," akajibu, akapita. Alimgeuza, akampangusa, akasita. Leso haikushika kitu, turubai ya ulingo ilikuwa safi. Na jicho moja la baba mdogo lilikuwa wazi kidogo, likimchungulia mama yake.

"Umeumia?" Kukhu alinong'ona.

"Hapana, Mama. Nimelala tu. Walisema leo nishindwe."

Nilijua mambo yameisha, kesho anabebwa Bungoma. Kukhu aliinua macho, akamtazama muuza viazi aliyekuwa akifuta machozi, akawatazama wale wanaume waliokwisha kuvua kofia. Kisha akainama tena, akaupangusa ule mgongo usio na vumbi, kwa nguvu, mabega hadi kiuno, akitikisa kichwa kama mama aliyefiwa. Soko likalipuka kwa makofi. Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa, na siku ile Kitengela ilikuwa kwao.

Asubuhi Kukhu aliondoka peke yake. "Ukianguka," alimwambia baba mdogo kwenye stendi ya basi, "anguka vizuri hivyohivyo."

Siku hizi soko limezungukwa na magorofa, na watoto wangu hutazama mieleka kwenye simu wakisema ni uongo mtupu. Siwabishii, ila huenda nao Matasia anakoishi baba mdogo, ambaye sasa hawezi kuinama akafunga viatu. Kukhu ametangulia, na kazi ya mgongo imekuwa yangu. Juzi nikimchua kwa dawa aliguna, akaniomba nipunguze nguvu.

"Unaumwa kweli ama unajifanya?" nikamuuliza.

Alicheka hadi akakohoa. Nikapunguza nguvu.