Nyumba Yenye Simu Iliuzwa, Nikapewa Migomba

Mwezi uliopita, nikiwa Dar es Salaam kwa mafunzo ya kazi, nilipoteza nyumba ya Mabatini, hapa mjini Mwanza, niliyoihangaikia miaka sita. Haikuungua, wala sikutapeliwa. Mume wangu alichukua akiba yetu akanunua nyingine Busisi, ng'ambo ya kivuko.

Naomba mhariri afiche jina langu. Nina miaka thelathini na minne, mama wa mtoto mmoja. Nilianza kama mpiga chapa. Mashine zikiharibika nilizifungua mwenyewe, na kompyuta zilipoingia hapa Mwanza nikazifungua nazo. Sasa ni fundi katika ofisi inayohudumia viwanda vya minofu ya samaki. Kompyuta ya kiwanda ikigoma jioni, makaratasi ya mzigo hayatoki, na ndege haisubiri. Fundi anayepatikana kwa simu ndiye anayeitwa.

Ndiyo maana niliitaka ile ya Mabatini. Vyumba vinne, bati lenye kutu, ua usiotosha kuanika mashuka mawili. Lakini ilikuwa na simu, na mwenye nyumba alikubali kutuachia laini. Walioomba laini mjini hapa wanajua maana yake. Tena kazini nafika kwa miguu. Mume wangu tulikwenda naye, akaikagua, akasema, "Sawa, mama Koku, ukirudi tunailipia." Theluthi mbili ya akiba ilikuwa jasho langu, lakini benki saini ya mmoja wetu ilitosha.

Niliporudi alinipokea stesheni akicheka. "Usiulize. Twende."

Basi hadi Kigongo, kivuko, kisha njia ya mchanga. Nyumba ni nzuri, sisemi uongo: vyumba sita, bati jipya, ekari nzima. Na humo uwanjani alikuwepo mama mkwe, ambaye nilijua yuko kwao Bukoba, kajifunga kanga kiunoni, anamwagilia machipukizi ya migomba aliyokuja nayo melini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Sasa mna kwenu. Ile ya mjini isiyo na mgomba hata mmoja ni stendi ya basi. Mtu analala kashika mzigo."

Nikamuuliza mume wangu simu iko wapi.

"Simu, simu. Umeona mtu anakula simu?"

"Koku anakula simu tangu azaliwe," nikamjibu. Mama mkwe akacheka, akidhani tunataniana.

Ile ya Mabatini kainunua fundi mwenzangu. Simu yake ndiyo inayopigwa jioni siku hizi. Mimi napata habari asubuhi, nikishuka kwenye basi, kazi imekwisha na shukrani zimeshatolewa.

Wiki iliyopita mkuu wangu aliniita. "Dada, ufundi mkuu ni wako, hakuna anayekushinda. Ila siwezi kumtafuta fundi mkuu ng'ambo ya maji. Hamia mjini. Nataka jibu Jumatano ya wiki ijayo saa sita mchana, la sivyo nampa mwenzako."

Nimepata vyumba viwili vya kupanga Pasiansi, mwenye nyumba ana simu na yuko tayari kuniita. Nilipomweleza mume wangu aling'aka. "Tuna nyumba, halafu mke wangu anapanga? Watu watasema tumeachana."

"Basi tuiuze hii."

"Mama keshapanda."

Hapo mazungumzo yetu huishia, kila jioni. Na kinachoniumiza ni kwamba yule mama sina ubaya naye. Ana miaka sabini, anachota maji ziwani kwa ndoo asubuhi na jioni, na migomba imeshika. Nikimwona anapandisha na ndoo, hasira yangu inakosa pa kukaa. Lakini kazi hii hakunipa mtu, na ikiondoka hakuna atakayeniletea nyingine melini.

Wasomaji, nishaurini. Nihame na mtoto, wakiongea waongee, au nibaki nimwagilie migomba?

Na wewe baba Koku, najua gazeti hili unaanza kulisoma ukurasa huu. Usiniambie mama atajisikiaje, wala watu watasemaje. Niambie wewe utakuja Pasiansi au hutakuja. Jumanne jioni nitakuwa Kigongo, upande wa mjini, na Koku na mizigo yetu. Njoo unijibu pale, kabla kivuko cha mwisho cha kurudi Busisi hakijaondoka.